Nilinunua mtumbwi mbovu wa tanga Lamadi, mama mkwe akanielekeza kupitia mbuzi

Wakuu, mwangaluka.

Haya yalinipata mwenyewe. Nimeishia darasa la saba, nitasimulia kama yalivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mimi mkulima wa pamba wa Dutwa, hata kuogelea sijui.

Mke wangu alikuwa amefariki mikononi mwangu. Mama yake alifika tumeshazika. Nilijua ana la kuniuliza kuhusu siku ile, lakini kwetu mkwe na mama mkwe hawakai pamoja, hawatazamani wala kusemezana ana kwa ana.

Nilipokwenda Lamadi kuwasalimia wakwe, nikamkuta shemeji na shoka, anataka kupasua mtumbwi wa tanga wa marehemu baba yao. Wavuvi wenzake walikuwa wameshahamia kwenye injini.

"Shemeji, usiupasue, niuzie."

"Mtu wa pamba na mtumbwi wapi na wapi? Utalimia?"

Akacheka, lakini akaniuzia.

Jua lilikuwa limeachanisha mbao, kidole kinapita. Nikasema pamba si ninayo? Nikaishindilia kwenye nyufa kwa nyundo kama najaza gunia.

Nyuma ya nyumba nikasikia mama mkwe anamsemesha mbuzi:

"Wewe mbuzi, kuna mtu anaua mtumbwi. Mbao zikinywa maji zinavimba. Akishindilia hivyo atang'oa misumari!"

Nikatoa pamba yote. Nikauloweka mtumbwi ukingoni kwanza, mbao zikarudiana zenyewe, nikaziba palipobaki. Nilishangaa sana: mti uliokatwa zamani bado una kiu!

Mbuzi aliendelea kupewa maelekezo mpaka tanga la kitambaa cha merikani likaisha kushonwa.

Siku ya kuushusha ziwani, mama mkwe akapanda mbele bila kuulizwa. Shemeji akashika usukani, mimi nyuma nakumba maji yanayovujia ndani. Tanga likapanda, likatanda katikati. Mama mkwe simwoni, naye hanioni.

Tulipokuwa mbali na ufuko, sauti ikatoka upande wa pili.

"Mkwe, mwanangu aliondoka analia?"

Shemeji akatazama maji.

"Hapana, mama. Alikunywa uji kidogo, akaniambia nifunge mlango kuku wasiingie. Basi."



"Kuku alikuwa hawapendi tangu mdogo," mama mkwe akasema.

Wakuu, mtumbwi bado ulivuja, sitawadanganya. Nilichojifunza: mbao iachie nafasi ya kuvimba, na mwenye swali zito mtafutie mahali pa kuliulizia.

Kwenu huko, mkwe na mama mkwe wanaambianaje mambo kama haya? Nasoma majibu yote.