Mjane wa Mikate na Mama Yangu

Wajerumani nilikuwa nawajua kwa mambo mawili tu: magari yao, na viboko alivyotusimulia bibi yangu wa Tanga. Kwamba wana hadithi tamu nilikuja kujua Houston, nilipojiandikisha darasa la fasihi ya Kijerumani iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Msinisifu. Ndilo darasa pekee lililoelewana na zamu zangu za hospitali.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo kutoka Austria, mcheshi, akisoma huku mikono inaruka. Alitupa riwaya aliyoitafsiri mwenyewe: mjane muoka mikate katika mji mdogo wa milimani, na binti yake wa pekee anayejiandaa kwenda kuolewa mbali. Niliianza ndani ya basi la kwenda mtaani kwetu, Gulfton, nikapitiliza kituo changu.

Wakati huo mama yangu alikuwa amekuja kutoka Mombasa kunilea uzazi. Tukishaswali isha, namsimulia sura moja kwa Kiswahili, mjukuu yuko mapajani mwake. Ilikuwa lazima iwe usiku. Anayesikiliza hadithi mchana huota pembe, na kwa mama hilo halina mjadala. Nilisema "Paukwa," akaitikia "Pakawa," ndipo Wajerumani wakaruhusiwa kuingia.

"Kumbe nao wana mama zao!" alisema usiku wa kwanza.

Wiki haikuisha akawa anamwombea dua yule mjane. Nilipomwambia ni mtu wa kubuniwa tu, alinikata jicho. "Na wewe jana ulikuwa ukimlilia nani?"

Kitabu kiliishia binti anapanda treni. Kulikuwa na cha pili, lakini kwa Kijerumani. Mwalimu alikuwa bado anakitafsiri. Tiketi ya mama ya kurudi ilikuwa tayari.

"Mimi nataka kujua yule mtoto alirudi au hakurudi," mama alisema, na hakuwa anatania. Karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa hazijatoka. Nikivuka mpaka, ndiyo basi, sirudi tena Marekani. Mama alikuwa mzee, na sote tulijua anauliza habari za binti gani.

Nilimweleza mwalimu yote, hata paukwa na pakawa zetu za usiku. Kuanzia hapo kila nikiingia darasani ananiuliza mama hajambo, mimi namuuliza mjane hajambo. Hatimaye akamaliza, akatualika darasa zima, pamoja na mama, nyumbani kwake Jumamosi adhuhuri tusherehekee. Jumamosi hiyohiyo mama anasafiri.

"Usi-worry," mume wangu akasema. "Mizigo tuta-load asubuhi. Tukitoka huko, straight airport."

Tulikwenda na mahamri, tukakuta keki ya matufaha. Mwalimu akasimama na sura ya mwisho mkononi, nami nikakaa tayari kutafsiri. Mama akainua mkono.

"Mchana huu? Pembe nitazipitisha wapi uwanja wa ndege?"

Nilipowaeleza, darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alivuta mapazia yote, akawasha mshumaa, akarudi mbele ya mama na kusema kwa lafudhi ya milimani kwao, "Paukwa."

Mama alilitazama giza lile, akalipima, akaridhika. "Pakawa!"

Mwalimu akasoma kidogo kwa Kiingereza, nami nikapokea kwa Kiswahili. Binti alirudi, mvi kichwani. Mjane hakumkumbatia. Alijifuta unga mikononi, akamtazama juu hadi chini, akauliza, "Umekula?" Binti alikuwa amekula stesheni, akashiba. Akajibu, "Bado, mama."

"Huyu mama ni wa Mombasa, wallahi!" Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Nilifurahi na nikaumia kwa pamoja, na mwalimu akanikatia keki kipande kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Uwanja wa ndege mama hakulia. Alijipapasa paji la uso, akatangaza kwamba hamna kitu, akaenda zake.

Karatasi zilitoka baada ya miaka. Nilifika Mombasa na mtoto anayemjibu bibi yake kwa Kiingereza. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia mama. Akatoka jikoni, mikono ina unga, akanitazama juu hadi chini.

"Umekula?"

Kwenye ndege nilikuwa nimemaliza chakula changu, nikamalizia na cha mtoto.

"Bado, mama," nikasema.