Sabuni Iliyoita Nyuki

Nyumbani kwangu hapa Mpanda mchaichai umeota pembeni mwa bomba la maji, na kila asubuhi mtu hukata majani yake kwa ajili ya chai. Wengine wakiinusa harufu ile hutamani kukaa mezani. Mimi hutazama juu kwanza. Shingo huinuka yenyewe, macho hupita kwenye paa na kwenye matawi ya mpera, na masikio yangu, ambayo siku hizi hayasikii mengi, husikiliza kama kuna mvumo. Wajukuu wamenizoea. Hucheka na kusema babu ameanza tena kutafuta ndege. Si ndege ninaowatafuta. Natafuta nyuki, na nimewatafuta hivyo tangu msimu mmoja wa mvua za kwanza, nilipokuwa mtoto wa darasa la sita, katika kambi ya vijana iliyokuwa upande wa Mpimbwe.

Kambi ile ilikuwa mabanda machache ya udongo na nyasi, ghala moja lenye ukuta wa matofali, jiko la wazi, na kisima kilichotoa maji yenye ladha ya chuma. Familia chache za wakulima wa parokia ndizo zilizoianzisha, na hakuna mtu wa mbali aliyetuletea chakula. Kambi ilijilisha yenyewe kwa miradi midogo ya shambani. Kulikuwa na kundi la kuku, kundi la bustani, kundi la sabuni na kundi la nyuki. Kilichopatikana kilipelekwa sokoni Kashaulili kwa baiskeli, na baiskeli ilirudi na chumvi, unga, na mwisho wa likizo, sare na madaftari kwa kila aliyevumilia mpaka siku ya kufunga. Msimamizi wetu alikuwa Mama Sikola, mkulima wa mpunga, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye alikuwa akitembea na mwiko mkononi hata asipokuwa anapika. Yeye ndiye aliyeweka sheria ambayo sijaikuta mahali pengine popote. Kila Jumamosi jioni tulikaa kwenye uwanja wa mbele ya ghala, na mtu aliyeharibu kitu wiki ile alisimama kuwafundisha wengine. Hakuchapwa wala hakuombewa msamaha. Alifundisha jinsi alivyoharibu, na aliendelea kuwa mwalimu wa kazi ile mpaka itengenezwe upya na kukubalika. Aliyevunja mayai alitufundisha kubeba mayai. Aliyeacha mbuzi waingie kwenye mchicha alitufundisha kujenga wigo.

Mimi nilifika pale kwa ujanja wa mama. Sisi ni Wasukuma, tulikuja Katavi na ng'ombe tukitafuta malisho, na baba aliihesabu shule kuwa kitu cha watoto wa watu wasio na mifugo. Mvua zikianza, mashamba ya mpunga ya wenyeji wetu hujaa kila bonde, na hapo ndipo mchungaji mzuri huhitajika. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimelala kwenye kichuguu na ng'ombe wakaingia kwenye mpunga wa mtu. Niliwatoa, nikafuta nyayo kwa tawi, nikanyamaza. Mwenye shamba alifuata nyayo ambazo sikuzifuta, akafika nyumbani na wazee wake, na baba akatoa ndama mzuri kuliko wote tuliokuwa nao. Hakunipiga. Alikaa siku kadhaa bila kuniita jina. Kwa hiyo mama alipomwomba niende kambini likizo ile, alikubali kwa sharti moja. Angekuja mwenyewe kuona. Kama angekuta ninachofundishwa hakiwezi kusaidia nyumba, ningerudi naye kwenye ng'ombe, na shule ingekuwa imekwisha. Nililijua sharti lile kama nilivyolijua jina langu.

Nilipangwa kundi la nyuki chini ya Mzee Kalolo, mrinaji ambaye nusu ya maneno yake yalikuwa Kikonongo na nusu nyingine kikohozi. Mizinga yetu ilikuwa ya magogo, iliyopasuliwa katikati kwa urefu, ikachimbwa ndani, kisha vipande viwili vikafungwa pamoja kwa magome. Mzinga mpya haupandishwi mtini ukiwa mkavu tu. Mzee Kalolo alitufundisha kupaka nta ndani yake na kusugua majani ya mchaichai yaliyopondwa, kwa sababu nyuki wanaohama huipenda harufu hiyo na kuidhania ya wenzao. Tulisugua mpaka viganja vikawa vya kijani. Nilikuwa nikilala na harufu ile kwenye blanketi, na mpaka leo sijui marashi yanayoishinda.

Kundi la sabuni lilikuwa na msichana aitwaye Spesioza, mtoto wa Warundi wa Katumba, mwembamba, mwenye ulimi mkali kuliko mwiba wa mgunga. Walipika sabuni kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi na mawese yaliyoletwa kutoka upande wa Ikola, ziwani, na mawese yale yalisafiri na dagaa. Sabuni ilitoa povu zuri na harufu ya mtumbwi. Baiskeli ilirudi kutoka Kashaulili na mzigo wake mara mbili. Wanawake wa sokoni waliinusa, wakaiweka chini, wakafuta vidole. Spesioza alilia kwa hasira nyuma ya jiko, nami nikaenda kumfariji, maana nilikuwa napenda kusikia anavyoongea.

"Usinionee huruma," aliniambia. "Nyie wa nyuki mnanukia kama bibi harusi. Sisi tunanuka kama wavuvi."

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka, au nilidhani imefunguka. Nilimwambia tutie mchaichai kwenye sabuni. Tulitwanga kinu kizima, tukakamua, tukamwaga maji yale kwenye sufuria. Harufu ilitoka mpaka kisimani. Mama Sikola alikuja na mwiko wake, akanusa, akafumba macho, akasema, "Hii hata padri ataoga mara mbili." Mvua ilikuwa inanyesha, sabuni isingekauka nje, na ghalani kulikuwa na panya. Nikatoa wazo la pili, ambalo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mle mle ghalani tulikuwa na mizinga inayosubiri kupandishwa, imepakwa nta, imefungwa vizuri isipokuwa tundu dogo la nyuki, panya hawezi kuingia. Tukapanga miche ya sabuni ndani yake. Mzee Kalolo alikuwa amekwenda msituni, na sisi hatukuona haja ya kumsubiri tumuulize. Kwa maneno mengine, tulikuwa tumewajengea nyuki nyumba, tukaipaka nta, tukaitia manukato, tukaacha dirisha wazi.

Walikuja Jumamosi mchana, jua lilipotoka baada ya mvua. Kwanza nilisikia kama mtu anakoroga uji mzito mbali sana. Kisha kivuli kikapita juu ya bustani. Kuku walikimbilia chini ya mabanda, watoto wa bustani wakaangusha ndoo, na ghala likameza nyuki kama shimo linavyomeza maji. Tulilala kifudifudi kwenye mchicha. Spesioza alikuwa karibu yangu, na hata katika hali ile hakunyamaza. "Ndiyo manukato yako haya," alisema. "Mwaka huu asali yenu itatoa povu."

Nilipoinua uso kucheka nikaona miguu. Nilizijua zile ndara za tairi. Baba alikuwa amesimama njiani na fimbo begani, blanketi lake limekunjwa vizuri, akitutazama sisi tuliolala chini, kisha ghala linalovuma, kisha mimi tena. Nilisimama na matope usoni. Nilimwamkia kwa kuinama, naye akaitikia taratibu, kisha akauliza swali moja tu.

"Ng'wanawane, mwanangu, hiki ndicho mnachofundishwa?"

Mama Sikola alimkaribisha, akampa kigoda na togwa, akamwambia asubiri, leo ni siku ya mafundisho na mwalimu wa leo ni mwanawe. Alisema hivyo bila hata kutabasamu. Jioni watoto wote walikaa uwanjani, mbali kidogo na ghala. Nilikuwa nimezoea kufuta nyayo kwa tawi, na sasa nilitakiwa kuzionyesha moja moja mbele ya mtu aliyekuwa ametoa ndama kwa sababu yangu. Nilieleza mchaichai unavyowaita nyuki, na kwamba nilijua hivyo. Nilieleza kwamba sabuni ilikuwa ya kundi lingine na wazo lilikuwa langu. Nilieleza mizinga, nta, panya, na kwamba Mzee Kalolo angetuzuia kama ningemngoja. Kijana mmoja wa kundi la kuku aliuliza, "Sasa sisi tukioga sabuni hiyo si tutafuatwa mpaka kanisani?" Uwanja mzima ukacheka, na baba pia, kicheko kifupi cha puani ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu.

Giza lilipoanza kuingia, nyuki wakiwa wametulia, Mzee Kalolo, aliyekuwa amesharudi, aliingia ghalani na moshi kidogo, akakuta kundi zima limejikusanya ndani ya mzinga mmoja mkubwa. Aliuziba mdomo kwa majani, akaubeba pamoja na sabuni zilizokuwa ndani, akaupandisha mtini kama vile hakuna lililotokea. Sabuni zile hatukuziona tena. Nyingine zilibaki kwenye mizinga mingine, zimegandwa na nta na mabawa.

Baba aliniita pembeni. Aliongea polepole, akichora ardhini kwa fimbo. Alisema amewahi kuwa na wachungaji wengi, na wote walijua kuchunga, na wote walijua kuficha. Amelipa ndama na mbuzi kwa makosa aliyoyasikia mwisho kabisa, kutoka midomoni mwa watu waliokasirika. Leo amemwona mtoto wake akisema alichoharibu kabla ya kuulizwa. Moyo wangu ulipanda. Kisha akasema, "Sasa nimepata mchungaji. Chukua blanketi lako, tunaondoka asubuhi."

Sijawahi kupata ushindi mchungu kama ule. Nilikwenda kuchukua blanketi lenye harufu ya mchaichai, nikalia ndani yake. Spesioza ndiye aliyekimbia kumwambia Mama Sikola. Mama Sikola alikuja na mwiko, akasimama mbele ya baba, akaongea kwa heshima kubwa na sauti yake nyembamba.

"Baba Maige, mtoto ni wako, siwezi kukuzuia. Ila hajamaliza. Kwetu hapa aliyeharibu hufundisha mpaka kitu kitengenezwe. Sabuni haijatengenezwa."

"Itatengenezwa lini?"

"Mawese yamekwisha. Hata mimi sijui."

Baba alikuwa mtu wa sharti. Maisha yake yote yalisimama juu ya makubaliano ya wazee, na hakuweza kuivunja sheria ya nyumba ya mtu aliyemnywesha togwa. Akauliza kama sabuni inaweza kupikwa kwa shahamu ya ng'ombe. Spesioza, bila kuulizwa, akajibu kwamba inaweza, na haitanuka dagaa. Asubuhi baba aliondoka peke yake. Baada ya siku kadhaa alirudi na debe la shahamu likining'inia kwenye fimbo, akalitua mbele ya jiko, akakaa kutazama tunavyopika. Ile ndiyo sabuni iliyokwenda Kashaulili na haikurudi. Kufikia wakati huo shule zilikuwa zimefunguliwa, nami nilikuwa na sare mpya, na baba alikuwa amempata mtoto wa shangazi wa kuchunga. Hakuzungumzia tena jambo la kuniachisha shule. Aliwaambia majirani kwamba kambi ile ya Wapimbwe inakula shahamu yake, kwa hiyo lazima mtoto wake arudi huko kila likizo kuilinda. Hivyo ndivyo nilivyofika sekondari.

Kambi ile ilikufa zamani. Mama Sikola na baba wamelala kila mmoja kwenye udongo wake, na Spesioza sijui yuko upande gani wa mpaka. Mimi nilisoma, nikarudi, nikalima tumbaku. Tumbaku hukaushwa kwa moto, na moto hutaka miti. Nilikata miombo ya baba zetu mwaka baada ya mwaka, nikakata na ile iliyokuwa na alama za kamba za mizinga, nikajenga nyumba hii yenye bomba uani. Wanangu niliwaambia wakae mbali na majembe na mizinga, wasome tu. Wamesoma. Hakuna kati yao anayeweza kupika sabuni.

Mwaka huu vijana wa kata yetu wameanzisha kambi tena. Wana mashine ya kutotolesha vifaranga, wanakamua alizeti, wanatangaza bidhaa zao kwenye simu, na faida ndiyo inayowalisha na kuwalipa wanaowafundisha. Naziona nyuso zao na nafurahi kuliko ninavyoweza kusema. Wamepanga mizinga ya kisasa ya mbao, imepakwa rangi nzuri, lakini nyuki hawaji. Walisikia kwamba niliwahi kuwa mtu wa nyuki, wakaniita niwaeleze kwa nini. Nilikwenda na fungu la mchaichai kwapani. Niliwapondea, nikawasugulia mizinga, wakafurahia harufu. Kisha kijana mmoja akauliza, "Mzee, hawa nyuki walikuwa wanakula nini huku?" Nikatazama kilima kitupu nyuma yake. Ningeweza kusema habari za mvua kubadilika, na wangeniamini.

Nilisimama mbele yao kama nilivyosimama mbele ya baba siku ile. Niliwaambia nyuki walikula maua ya miombo, na ni nani aliyeikata, na kwa nini, na mti upi ulisimama wapi. Tangu hapo nakwenda kila Jumamosi. Tumepanda miche kilimani. Mingine imeshika, mingine imekufa. Vijana wameniambia nipumzike, njia ni ndefu kwa mzee. Nawaambia sina ruhusa. Nyuki hawajarudi, kwa hiyo sijamaliza kufundisha.