Nilimpeleka Mtoto wa Kaka Kwenye Wingu la Wadudu

Jamani, nina kosa, na juu ya kosa nimeweka uongo. Nisipoutoa hapa kifua kitanipasuka.

Mimi ni mama wa Mbugani, Kyela mjini. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuja likizo kutoka Dodoma na binti yake wa miaka tisa. Nikajitia mwenyeji: "Twendeni tukapige kambi ziwani, mlale kwenye hema, mle samaki wetu mbasa wa kuchoma!" Wifi akaniambia mapema kwamba mtoto ana pumu, asiachane na dawa yake ya kuvuta. Nikamjibu, "Wifi, hewa ya ziwa ni dawa tosha." Mdomo wangu huu!

Asubuhi ya pili wifi akiwa anaosha vyombo, nikaona kule majini kitu kama moshi wa mabua ya mpunga, kimepanda hadi juu. Wadudu wa ziwa! Wale wadogo wasiouma, tunaowakamata na kuwapika mikate ya kitoweo. Wanawake wa Kikisi, wenyeji wa ufukwe ule, walikuwa wameshajipanga ufukweni na vikapu, wanasubiri. Wale husubiriwa nchi kavu, upepo unawaleta wenyewe. Hakuna anayewafuata majini. Nalijua hilo tangu utotoni.

Lakini mimi nilitaka sifa kwa mtoto wa Dodoma. Nikaazima mtumbwi, nikamnyanyua, nikamketisha mbele.

"Shangazi, dawa yangu iko kwenye hema."

"Ya nini? Hapo tu, tunarudi sasa hivi."

Mama mmoja akaniita kutoka ufukweni, "Gwe! Unakwenda wapi na mtoto?" Nikampungia mkono.

Kyala wangu, Mungu wangu! Nilidhani wingu liko mbali, kumbe linakuja mbio. Likatufunika. Wadudu puani, masikioni, mdomoni, ukifumba macho wanaingia, ukifumbua wanaingia. Nikavua kitenge, nikakichovya majini, nikamfunika kichwa. Chini ya kitenge nikasikia kifua chake kinalia kama filimbi. Kisha kikapunguza kulia. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za maisha yangu, maana ule ukimya haukuwa nafuu!

Sikujua nchi kavu iko wapi. Nililia, "Yesu, usimchukue, nichukue mimi!" Kilichotuokoa ni makelele ya wale wanawake wakishangilia wadudu wao. Nikapiga kasia kufuata sauti zao, natema wadudu, namwita mtoto na haitiki.

Wifi alikuwa amesikia nikimwita mwanawe; alitukuta maji yakimfika kiunoni, dawa mkononi. Midomo ya mwanawe ilikuwa ya kijivu. Akampulizia mara moja, mara mbili, mara ya tatu mtoto akavuta pumzi. Nikashuka majini, nikausukuma mtumbwi hadi ufukweni.

"Nani kamwingiza huyu mtoto kwenye mtumbwi?" wifi akauliza.

Wale wanawake walikuwa wanakimbizana na wadudu wao, hakuna aliyetusikia. Nikasema, "Aliingia mwenyewe, mtumbwi ukaanza kuchukuliwa na maji. Mimi nimeogelea kumfuata."

Mtoto akanitazama. Halafu kwa sauti iliyokauka akasema, "Ndiyo, mama. Niliingia mwenyewe."

Akachapwa alipopona, jamani! Akachapwa kwa kosa langu, na mimi nimekaa pale nakunywa chai.

Tangu siku hiyo wifi ananisifu kwa ndugu wote kwamba nilimwokolea mwanawe. Akipiga simu anamaliza kwa "ndaga fijo, wifi," asante sana ya kwetu niliyomfundisha mwenyewe. Nikiomba niongee na mtoto, naambiwa yuko bafuni, amelala, anasoma. Sasa wifi anataka kumleta tena likizo ijayo, abaki kwangu peke yake. Silali kwa hofu. Atakuja kulala nyumbani kwa mtu anayemwogopa.

Nyie mnaopeleka watoto wa wenzenu kutembea, msijifanye wajuzi wa maji. Mzazi akisema mtoto anaumwa, shika neno lake na dawa yake. Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, kabla mtoto hajadanganya kwa ajili yenu.

Wifi, ukisoma hapa utajijua. Mwanao hakuingia mwenyewe. Mwombe msamaha, halafu uje kwangu.