Kurasa Zilizoshikana za Kitabu cha Kinga

Nimemaliza masomo ya uuguzi mwaka huu, na tayari natamani kuhamia kisiwani Idjwi nisionekane tena. Daktari wetu Mbelgiji alitaka msaidizi mmoja wa maabara: mimi au mwenzangu Mugisho. Aliniazima kitabu chake kipya cha elimu ya kinga akasema, "Soma sura ya seramu. Jumatatu utatueleza."

Nyumbani nikakuta kurasa za sura hiyo zimeshikana kingoni kama bahasha. Nikawaza: labda Wazungu wamezifunga makusudi, si za kusomwa na sisi. Nikizichana, nimeharibu kitabu cha daktari. Nikiuliza, ataniona mjinga. Siku nne nilichungulia kwa pembeni, nikaambulia mistari michache.

Jumatatu daktari akauliza, "Umesoma?"

"Ndiyo, Dokta. Mara mbili."

Alifungua kitabu mbele ya wauguzi wote. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana.

Papa Cirhuza, muuguzi mkuu, akashika kichwa. "Mutoto yangu, kitabu mupya inatokaka Ulaya hivyo, iko ya kukata na kisu! Sasa wewe ulisoma na macho gani?"

Wote walicheka isipokuwa daktari. Alitoa kisu mezani, akazikata kurasa taratibu, moja baada ya nyingine, kisha akampa Mugisho kitabu.