Majina Sita ya Uchi wa Fundi

Majirani zangu wa Kinyinya, hapa Kigali, wengi wamekulia Kampala, na Kiingereza wanakivaa kama suti, hadi jikoni. Mimi nimekulia Mwanza. Kiswahili changu wanakiona ni lugha ya kuongelea na mafundi.

Nyuma ya nyumba zetu ghorofa lilikuwa linajengwa. Fundi mmoja Mrundi, mtu mzima mwenye mvi, kila jioni baada ya kazi alijimwagia maji ya ndoo nyuma ya rundo la matofali. Bafu halikuwepo, na kwa Kigali hii mtu haendi kupanda basi akiwa na saruji hadi masikioni. Bahati mbaya, dirisha la juu la mwenyekiti wetu wa wakazi lilitazama huko huko. Mkewe alimwangalia wiki mbili nzima ndipo akakasirika.

Jumapili baada ya kanisa tukaitwa sebuleni kwao tumwandikie mwenye jengo. Mimi ndiye katibu. Nikaandika neno tulilofundishwa shuleni, naked. Mwenyekiti alishtuka kana kwamba nimevua blauzi.

"Hilo neno kali, madam. Sisi ni watu wa heshima."

Mwanasheria wetu akaleta nude. Mke wa mwenyekiti akasema hilo ni la picha za ukutani, tena za Wazungu. Mwingine akataka undressed, akaambiwa hilo ni la mgonjwa mbele ya daktari. Bwana mmoja aliyekaa London miezi minane akatoa in the buff, akaieleza mara mbili huku akicheka peke yake, kisha akatoa birthday suit na kucheka upya. Saa mbili ziliisha hivyo, kwa chai na sambusa. Watu wazima, wenye digrii zao ukutani, wanamtafutia neno mtu asiye na nguo, na hakuna hata mmoja aliyetaja mabati manne ya kumzungushia bafu. Niliwadharau kwa moyo wangu wote. Lakini mabati hata mimi sikuyataja. Tukakubaliana state of undress, nikachapa barua, nikatia sahihi.

Jumatano fundi akabisha getini kwangu, begi begani, barua ile mkononi. Amefukuzwa kazi. Msimamizi wa ujenzi alimpa nakala bila maelezo, na mlinzi wa jirani akamwelekeza kwa mama anayejua Kiswahili.

"Mama, nisomee. Wanasema nimeiba?"

Niliisoma kimya kwanza, kama vile siijui. Kiingereza chetu chote cha Jumapili kikawa neno moja tu mdomoni.

"Hapana. Wanasema ulikuwa uchi."

Alinitazama. Afadhali angekasirika.

"Mimi nilikuwa naoga, mama. Kuoga haiko kwa Kingereza?"

"Iko."

Akafikiri kidogo. Kisha akaweka kidole chake, ambacho saruji ilikuwa bado imekigandia ukuchani, juu ya sahihi iliyo chini ya karatasi.

"Na huyu ameandika, hiyo neno ya kuoga anaijua?"

"Anaijua," nikasema, nikamrudishia barua yenye sahihi yangu.