Mama Mkwe na Sheria za Ulaya

Watu wa kanisani waliponiuliza ninasomea nini, niliwajibu, nao wakanitazama kana kwamba wanangoja nimalizie mzaha. Mtanzania, mkazi wa Burnsville, ng'ambo ya bahari, anachukua shahada ya uzamili ya sheria za Umoja wa Ulaya! Sababu yenyewe haikuwa na maajabu. Kampuni iliyoniajiri huuza vifaa vya hospitali huko Ulaya, na mimi nilichoka kuwa mtu wa kupeleka maswali ya kisheria kwa wengine. Nikajiunga na chuo kimoja cha Ulaya, nikawa nasoma kwa mtandao alfajiri, kabla ya kazi, wakati kwao ni mchana.

Mwaka wa pili mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga kutusaidia kulea mtoto wetu. Mume wangu kazi yake iko Blaine, upande wa pili kabisa wa mji, na barabara za majira ya baridi zilimchelewesha kila siku. Mama alikuta theluji imekwisha kutanda. Alichungulia dirishani, akavuta kitenge mabegani, akasema, "Mimi huko sitoki." Na kweli hakutoka, isipokuwa Jumapili, tena mbio, mlangoni hadi kwenye gari.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa mdomo. Mwalimu wangu, mzee mpole sana, alijitolea kunijaribu kwanza. Tulipomaliza akaniambia, "Unayajua yote, lakini umeyakariri. Nikikukatiza unapotea." Nilifunga kompyuta nikaenda jikoni. Mama alikuwa anakoroga uji wa mtoto.

"Kuna msiba?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Naona nitaacha shule."

"Hicho kinachokushinda ni kitu gani? Hebu nieleze."

Nilimweleza kesi ya kwanza iliyonijia. Nchi moja ilizuia kileo kutoka nchi jirani kisiuzwe kwake, kwa kuwa nguvu yake haikufikia kiwango kilichowekwa na sheria zake.

Mama aliacha kukoroga. "Yaani walikataa pombe kwa sababu hailevyi vya kutosha?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka hadi akashika meza. Kisha akageuka kuwa mkali. "Lakini walikuwa na haki. Mwenye nyumba ndiye anayeamua kinachoingia kwake."

"Mahakama ilisema hapana. Kama kule kinauzwa kihalali, na huku kiuzwe, labda pawe na sababu nzito ya kukizuia."

"Nani aliwaambia majaji hao waingilie nyumba za watu?"

Nilijibu, akanikatiza. Nikajibu tena. Siku zilizofuata ikawa ndiyo kawaida yetu: nikirudi kazini, yeye akichambua mchele, nampa kesi kwa Kiswahili naye anashika upande wa serikali. Hakunikubalia hata moja. Maneno ya vitabuni hayakunisaidia kitu mbele yake. Ilinibidi nijue hasa ninachokisema. Wakati mwingine nilikwenda kulala nimekasirika kweli.

Asubuhi ya mtihani ilikuja na tufani ya theluji. Mume wangu alikuwa amekwama kazini tangu jana yake. Nilijifungia chumbani, na dakika chache kabla ya kuanza mtoto akaamka, akaanza kupiga mlango akinililia kwa Kiingereza. Nilimsikia mama akimbembeleza bila mafanikio. Halafu mlango wa nje ukafungwa, nyumba ikawa kimya.

Watahini watatu walitokea kwenye kioo cha kompyuta. Mmoja wao alinikatiza mapema: je, si haki ya kila nchi kuamua kinachoingia sokoni kwake? Nilitaka kucheka. Niliwaza jibu kwa Kiswahili, nikalisema kwa Kiingereza. Aliuliza tena, nikamjibu tena, nami moyo umetulia.

Nilipomaliza nilikwenda dirishani. Chini, kando ya magari yaliyofunikwa, alisimama mama, koti la mwanawe likimfika vifundoni, kichwani kajifunga kanga juu ya kofia. Alikuwa anafinyanga theluji kwa mikono yake na mtoto anaibomoa kwa kicheko. Nilishuka ngazi na kandambili.

"Umefaulu?" alipaza sauti. Nyusi zake zilikuwa nyeupe.

"Bado hawajasema, mama."

"Basi rudi ndani, utaumwa."

Jioni ile waliniandikia kwamba nimefaulu. Sasa kazini niko kitengo cha Ulaya, na mwalimu wangu bado hunitumia salamu. Nimemshukuru mara nyingi kwa ule ukweli wake. Kwa mama maneno yalinipungukia. Theluji ilipoyeyuka tulimsindikiza uwanja wa ndege, na pale penye foleni ya mizigo nilipiga magoti mbele yake, nikamshika mikono.

"Inuka, mwanangu," alininong'oneza, huku machozi yakimtoka. "Watu wanatutazama."