Shujaa Wangu Hana Meno Sita ya Chini, na Simrudishii

Nimewaomba wenye ukurasa huu wafiche jina langu na la shule yangu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu katika shule ya kutwa upande wa Rangwe, kaunti ya Homa Bay. Mimi ni mtu wa vitabu. Mwalimu akiniambia nisome kwa sauti, koo linakauka, na kabla sijamaliza sentensi ya kwanza wenzangu wanaguna. Nawaambia mapema ili mjue anayewaandikia si mtu wa kelele.

Wengi wenu mnatazama kile kipindi kipya cha runinga cha Jumamosi jioni, cha Apondi, muuguzi wa zahanati ya kando ya ziwa. Kwa ambaye hajaona: wahuni wakivamia kijiji, Apondi anajiwa na nguvu, na zikimjia tu, meno yake sita ya mbele ya chini yanatoweka. Akipaza sauti, hewa inayopita penye pengo inawaangusha wanaume wazima kama mabua ya mahindi. Pengo hilo halikubuniwa. Zamani kwetu Wajaluo, kijana akifika umri wa kuhesabiwa mtu mzima aling'olewa meno hayo sita, bila ganzi, na hakutakiwa kulia. Tunaita nak. Siku hizi haifanywi, na mimi sisemi irudi.

Ninaishi na mama na dani, yaani nyanya yangu mzaa baba. Amepita miaka themanini na pengo analo. Apondi alipofungua mdomo mara ya kwanza, dani alivuta kiti mpaka karibu aguse skrini.

"Nyakwara," akaniita, ndiyo kusema mjukuu wangu, "huyo ameng'olewa vizuri. Aliyemng'oa alikuwa na mkono mwepesi."

"Dani, hayo ni mambo ya kompyuta."

"Kompyuta ilijifunza wapi?"

Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Sijawahi kumwona dani akitazama runinga kama mtu anayetazama nyumbani kwao.

Jumatatu nikakuta shule imechafuka. Kundi la mashabiki mtandaoni lilikuwa limejaa matusi, na waliokuwa na simu nyumbani walikuja wakiyakariri. "Ati shujaa! Ni shosho huyo, nyanya mzee wa kuuza njugu." "Atafute daktari wa meno kwanza, adui atangoja." "Akikuuma si atakuachia alama nusu?" Kila mtu alitaka watengenezaji wamrudishie Apondi meno. Mimi nilifungua kitabu changu, kama kawaida.

Lakini kunyamaza kukanishinda. Klabu yetu ya drama inapeleka mchezo kwenye mashindano ya kaunti mjini Homa Bay, na mwalimu wa klabu, tunamwita Madam, alinipa mimi kazi ya kuandika. Niliandika kuhusu msichana wa shule anayejiwa na nguvu kama za Apondi. Nikaandika na pengo. Mchezaji apakwe masizi kwenye yale meno sita yaonekane hayapo, basi.

Jumapili moja wanaklabu wanne wakaja kwetu tusome mchezo pamoja. Dani akatoka kuwasalimia, akiwachekea kwa furaha, mdomo wazi, maana wageni wangu huwa ni nadra. Mmoja wao, nitamwita Vinny, akamgonga mwenzake kiwiko. "Manze, si mchezaji tumempata! Huyu hata masizi hahitaji." Wakaangua kicheko wote. Walidhani dani haelewi Kiswahili. Dani ameuza mtama soko la Oyugis maisha yake yote, Kiswahili anakijua kuliko Vinny. Alimaliza kuwasalimia mmoja mmoja, akawakaribisha chai, akarudi ndani. Tangu siku hiyo wageni wakija anashika ncha ya leso mbele ya mdomo. Jumamosi hii Apondi alipoanza, dani alisema macho yanamuuma, akaenda kulala.

Nimeumia kiasi ambacho siwezi kueleza. Aliyevumilia kung'olewa meno bila kulia amefunikwa mdomo na watoto wa kidato cha tatu!

Juzi Madam akaniita mbele ya klabu nzima. Wasichana wenzangu wote wamekataa kupakwa masizi. "Mpe meno yake," akasema. "Watu watacheka na tutarudi mikono mitupu."

Nikasema, "Hapana, Madam." Sijui sauti ilitoka wapi. "Bila pengo, mchezo wangu nauchukua."

Vinny akadakia, "Si ucheze wewe basi, kama ni fahari!"

Madam akanitazama, hakucheka. "Haya. Ucheze wewe, au tuandike mwingine wenye meno. Ijumaa unijibu."

Mama anasema nikubali meno yarudi, nisiwanyime wenzangu safari. Nikimuuliza dani, anasema niende nikasome.

Nikiondoa mchezo wangu, wataandika mwingine wenye meno, na dani atasikia tu kwamba hata shule ya mjukuu wake imeona aibu. Nikipanda jukwaani mwenyewe na koo likauka mbele ya kaunti nzima, wataendelea kucheka, na safari hii nitakuwa nimewapa sababu.

Wala msiniandikie hapo chini kwamba ni meno tu. Nimeshasikia hiyo. Mliowahi kusimama mbele za watu huku mkiwa na hofu, niambieni mlifanyaje maneno yakatoka. Nataka ushauri wa sauti peke yake. La meno nilishaamua.